Rosella Shambani: Mwongozo Kamili wa Kupanda, Kusimamia Msimu wa Maua na Kuvuna

Ukiona shamba la rosella ambalo mimea imefika kifuani, majani yamesongamana, kijani kimekolea, na bado hakuna hata ua moja, usikimbilie kulaumu udongo wala mbegu. Mara nyingi mmea unasubiri usiku urefuke. Na ukiona mwingine umechanua kabla haujafika gotini, huo nao umefuata kanuni ileile: ulioteshwa wakati usiku ulikuwa tayari mrefu, ukaanza kuzaa kabla ya kujijenga. Mkulima wa kwanza atangoja sana na huenda mvua ikamkuta wakati wa kuvuna. Wa pili atapata vikombe vichache kila shina, yaani ile sehemu nene ya chini ya ua ambayo ndiyo huvunwa. Wote wawili wangeweza kuwa na mbegu nzuri, mbolea nzuri na mikono yenye bidii, lakini tarehe ya kupanda iliwaponyoka.

Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na kalenda, jembe linafuata. Rosella ni rahisi kuotesha na ni mvumilivu kuliko mazao mengi ya bustanini, ila jambo hili moja haikusamehe.

Mmea wenyewe

Kitaalamu ni Hibiscus sabdariffa, wa familia moja na bamia na pamba. Undugu huo uukumbuke, kwa sababu ndio unaokuambia wadudu gani watakuja na shamba gani usilitumie. Ni mmea wa msimu mmoja, unaofika mita 2 hadi 2.5 ukipata nafasi, wenye mashina mekundu au ya kijani kutegemea aina.

Aina kuu ni mbili. Moja hutanua matawi mengi na kutoa vikombe vinene vyenye nyama. Nyingine hupanda juu moja kwa moja, huweza kukaribia mita 5, ina matawi machache, na hulimwa kwa ajili ya nyuzi za shina. Ukipewa mbegu bila maelezo, uliza mmea mama ulikuwaje. Wenye matawi ndio unaoutafuta, na ndio unaozungumzwa hapa.

Tunachovuna si petali, yale majani laini ya rangi ya ua. Ua la rosella huishi siku moja: asubuhi hufunguka likiwa la njano hafifu lenye doa la damu ya mzee katikati, kufika mchana linaanza kujifunga, na likinyauka linakuwa la waridi. Chini yake kuna kikombe chenye sepali tano, yaani vipande vinavyolizunguka ua, na kitako chake kimezungukwa na vijani vyembamba kati ya 8 na 12. Petali zikidondoka kikombe kinavimba, kinakuwa kinene, kinang'aa na kuwa kichachu, huku ndani yake kifuko cha mbegu kikikua. Kikombe hicho ndicho zao. Wengi hukiita ua, na haina ubaya, mradi ujue kwamba siku ua linapofunguka zao bado halijaiva.

Hesabu ya kalenda

Rosella ni mmea wa siku fupi. Mchana ukizidi takriban saa 13 huendelea kutoa majani na matawi. Mchana ukishuka hadi kama saa 12 na nusu au chini ya hapo, aina nyingi huanza kuunda matumba ya maua. Kinachopimwa na mmea hasa ni urefu wa giza lisilokatizwa, na jambo hilo lina matokeo nitakayoyarudia chini kidogo.

Kinachofuata ni kujua shamba lako liko wapi kati ya Ikweta na ncha za dunia. Kwenye Ikweta mchana ni kama saa 12 na dakika 7 mwaka mzima, haubadiliki. Kwenye nyuzi 20 za latitudo, kaskazini au kusini, mchana mrefu kabisa wa mwaka huzidi saa 13 kwa dakika kadhaa, na mfupi kabisa hushuka chini kidogo ya saa 11. Kadiri unavyosogea mbali na Ikweta ndivyo tofauti inavyokuwa kubwa, na ndivyo rosella inavyokuwa kali kuhusu tarehe.

Hesabu hufanywa kwa kurudi nyuma. Chukua tarehe ambayo mchana wa mahali pako unashuka kufikia saa 12 na nusu. Kwenye nyuzi 20 kaskazini ni mwanzoni mwa Septemba. Kwenye nyuzi 20 kusini ni mwanzoni mwa Machi. Kutoka hapo hesabu miezi minne nyuma. Kaskazini utaangukia mwanzoni mwa Mei, kusini mwanzoni mwa Novemba. Hiyo ndiyo tarehe ya kutia mbegu ardhini ukitaka mmea upate muda wa kujenga mashina na matawi kabla ya kuambiwa na giza kwamba wakati wa kuzaa umefika. Matumba yakishaanza, huchukua wiki kadhaa maua ya kwanza kufunguka, kisha kama wiki tatu tena kikombe cha kwanza kufaa kuchumwa. Huko Florida kusini, Marekani, kwa mfano, rosella hupandwa katikati ya Mei, huchanua Septemba na Oktoba, na huvunwa Novemba na Desemba.

Ukichelewa mwezi mmoja, msimu haujapotea. Mmea utachanua karibu wakati uleule, ila ukiwa mdogo zaidi. Hapo dawa ni kupanda kwa kubananisha: badala ya mashina machache makubwa unakuwa na mengi madogo, na eneo linakulipa karibu sawa. Ukichelewa miezi mitatu, ningekushauri upande kitu kingine na mbegu uitunze.

Walio karibu na Ikweta wana kalenda ya namna nyingine. Kwa kuwa mchana hauzidi saa 12 na nusu hata siku moja, rosella yao huchanua mara tu inapokomaa kiasi, mwezi wowote iliopandwa. Kwao jua haliamui, inayoamua ni mvua. Panga ili mavuno na ukaushaji viangukie kiangazi, halafu rudi nyuma miezi minne hadi mitano kutoka hapo. Kwa kawaida maana yake ni kupanda mvua kubwa zinapoanza. Mimea yao huwa mifupi kuliko ile ya mbali na Ikweta, kwa hiyo nao wabananishe kidogo.

Sasa lile la giza. Taa ya ulinzi inayowaka usiku kucha pembeni mwa shamba inaweza kuchelewesha maua ya mimea iliyo chini yake. Utakuta mistari yote imechanua isipokuwa mashina machache yanayopigwa na mwanga, nayo yamebaki na majani tu. Kabla ya kupanda, zunguka shamba usiku uone mwanga unafika wapi. Mahali penye mwanga panda mahindi au mboga.

Kinyume chake nacho kinawezekana kwa mwenye bustani ndogo ambaye hofu yake ni baridi au mvua kufika kabla ya mavuno. Mmea uliokwisha kukomaa unaweza kufunikwa kwa turubai jeusi lisilopitisha mwanga, kuanzia saa 12 jioni mpaka saa 2 asubuhi, kila siku bila kuruka, hadi matumba yaonekane wazi. Ni kazi ya utumwa, na joto likiwa kali chini ya turubai mmea unaumia, kwa hiyo acha upenyo wa hewa upande wa chini. Mimi naiona ni kazi ya mashina matano au kumi, si ya shamba.

Ardhi na mahali

Jua la kutwa nzima, udongo usiotuamisha maji, basi. Rosella hukubali udongo wa pH (kipimo cha uchachu) kuanzia 4.5 hadi 8, wenye kichanga au mfinyanzi kidogo, na hata ardhi iliyochoka huipatia kitu. Isichokubali ni miguu kuloa. Shina likikaa kwenye maji siku chache huoza kwenye usawa wa ardhi, na mmea uliokuwa umesimama vizuri asubuhi unakuta umelala jioni. Kama shamba ni tambarare na zito, inua matuta ya sentimita 20 hadi 30 upande juu yake.

Usipande palipotoka bamia, pamba au rosella yenyewe msimu uliopita. Minyoo fundo, wale wanaovimbisha mizizi kuwa kama shanga, ni adui mkubwa wa zao hili, na bamia huwalea vizuri sana. Tanguliza nafaka. Kabla ya kuamua, ng'oa magugu machache ya eneo hilo na uangalie mizizi yake. Ukiona vinundu visivyobanduka kwa kucha, hama.

Upepo nao ufikirie mapema. Mmea mkubwa wenye matawi yaliyojaa vikombe huinama na kung'oka kirahisi baada ya mvua ya upepo.

Mbegu na kupanda

Loweka mbegu usiku mmoja kwenye maji ya kawaida. Zinazoelea asubuhi zitupe. Zilizozama zipande siku hiyohiyo, kina cha sentimita 1 hadi 2, mbegu tatu kila shimo. Udongo ukiwa na joto huota ndani ya siku 4 hadi 10. Joto la usiku likishuka chini ya nyuzi 20 za Selsiasi ukuaji hudorora, na jalidi huua kabisa, hivyo walio kwenye nchi za baridi waanzishe miche ndani na kuihamisha hatari ikipita. Miche ihamishwe ikiwa na kimo cha sentimita 8 hadi 10, na bonge la udongo wake. Mzizi mkuu ukikatika, mmea hukaa muda mrefu ukijiuguza.

Nafasi ndiyo watu wanayoifanyia ubahili. Kwa mmea uliopandwa kwa wakati, kwenye ardhi yenye rutuba, acha mita 1 hadi 1.5 kati ya mmea na mmea, na mita 1.5 hadi 2 kati ya mistari. Utaona shamba tupu mwezi wa kwanza na utashawishika kuongeza mbegu. Vumilia. Miezi mitatu baadaye matawi yatakuwa yamegusana, na wakati wa kuvuna utahitaji njia ya kupita na kapu. Kwa waliochelewa, au ardhi dhaifu, au karibu na Ikweta, sentimita 60 kwa mita 1 inafaa.

Miche ikifika sentimita 10 au 15, acha mmoja kila shimo. Ile ya kuondoa ikate kwa mkasi usawa wa ardhi badala ya kuing'oa, usije ukatikisa mizizi ya jirani.

Miezi ya majani

Huu ndio wakati wa kumlisha mmea. Samadi iliyooza vizuri, viganja viwili au vitatu kila shimo wakati wa kupanda, huwatosha wengi. Kama unatumia mbolea ya dukani, ya naitrojeni iweke mwezi wa kwanza na wa pili, kidogo kidogo, kisha uache. Naitrojeni ikizidi, hasa ikichelewa, mmea huota majani ya kupendeza macho na vikombe huwa haba. Mkulima anayemwaga urea akiona matumba yamechelewa anazidi kujiongezea majani.

Maji ndiyo yanayohitajika kwa wingi sasa. Miezi mitatu hadi minne ya mwanzo rosella hufurahia mvua ya milimita 130 hadi 250 kwa mwezi. Mvua ikikatika, mwagilia kwa kina mara moja au mbili kwa wiki kuliko kunyunyizia kila siku, ili mizizi ishuke.

Palizi ni ya lazima mpaka mmea ufike sentimita 45 hadi 60. Baada ya hapo kivuli chake chenyewe huyaweka magugu chini. Katika palizi ya mwisho, pandishia udongo kuzunguka shina. Hiyo ndiyo kinga rahisi zaidi dhidi ya kuanguka, kuliko nguzo.

Kukata ncha ni hatua ndogo yenye faida kubwa, na ningependa kila anayesoma aijaribu. Mmea ukifika sentimita 30 hadi 45, finya kwa kidole kile kichipukizi cha juu kabisa, juu kidogo ya jani. Ndani ya wiki mbili matawi ya pembeni yatachomoza chini ya jeraha, na kila tawi litakuja kubeba maua. Matawi hayo nayo yakirefuka sentimita 30 unaweza kuyafinya tena mara moja. Majani unayoyakata ni mboga chachu nzuri. Mwisho wa kukata ni kama wiki sita kabla ya tarehe uliyoihesabu ya maua. Ukikata baada ya hapo unaondoa matumba yenyewe.

Maua yanapoanza

Wiki chache kabla ya ua la kwanza, mmea hubadilika. Majani ya chini ya rosella mara nyingi ni mazima, ya katikati yamechanika vidole vitatu hadi vitano. Sasa ya juu yanatoka madogo na membamba zaidi. Angalia kwenye kwapa la jani, pale kikonyo kinapoungana na tawi: utaona kinundu chenye miiba laini ya kijani kilichokaa peke yake. Hilo ni tumba. Likitokea kwenye kwapa la jani la chini la tawi, yatafuata ya juu yake moja baada ya jingine, ndiyo maana mavuno ya rosella hayaji siku moja. Tawi moja huwa na kikombe kilichoiva chini, ua lililofunguka katikati, na matumba kwenye ncha.

Kuanzia hapa badilisha kazi zako. Naitrojeni acha kabisa. Majivu ya kuni, kiganja kimoja kilichotawanywa kuzunguka kila shina, yatatoa potasiamu, isipokuwa kama udongo wako tayari ni wa magadi. Maji punguza bila kuyakata: udongo ukikauka kabisa wakati matumba ni machanga, mmea huyadondosha, ukiwa na unyevu wa wastani, huyashika. Maua yakishapita kilele, ukavu haudhuru. Unasaidia, kwa sababu mvua na hewa nzito wakati wa kuvuna huleta ukungu ndani ya vikombe na kufifisha rangi.

Ukimwagilia, mwagilia chini. Maji yanayomwagwa juu hukaa kati ya sepali na kifuko cha mbegu, mahali ambapo hewa haifiki, na kikombe huoza kuanzia ndani huku nje kinaonekana kizima.

Nyuki watakuja kwa wingi, nao wanakaribishwa, ingawa rosella hujichavusha yenyewe na haiwategemei. Ukilazimika kunyunyiza dawa yoyote msimu huu, nyunyiza jioni maua yakiwa yamefunga.

Wadudu na magonjwa

Mbawakavu wadogo wanaoruka kama viroboto hutoboa majani ya miche matundu mengi madogo. Mmea ukishavuka wiki sita hawana nguvu tena juu yake. Kabla ya hapo majivu yaliyopeperushwa juu ya majani yenye umande huwapunguza. Vidukari na nzi weupe hukaa upande wa chini wa majani, na maji ya sabuni laini yakinyunyizwa chini ya jani, siyo juu, huwamaliza baada ya kurudia mara mbili au tatu. Vidung'ata, wale wenye unga mweupe, ni wabaya zaidi kwa sababu hujificha kwenye kwapa la jani na chini ya kikombe, na ncha waliyoishambulia hujikunja na kudumaa. Kata tawi hilo ulichome moto au ulizike. Ukiona sisimizi wanapanda na kushuka kwenye shina, wafuate. Mara nyingi watakupeleka kwa vidukari au vidung'ata.

Kangambili, wadudu wekundu wenye alama nyeusi wanaojulikana na kila mkulima wa pamba, huja vifuko vya mbegu vinapokaribia kukomaa. Wanafyonza mbegu. Anayevuna vikombe mapema huwaona wachache, anayeacha vikombe vikauke mtini huwalea. Wakung'ute asubuhi na mapema, wakiwa wazito kwa baridi, ndani ya ndoo yenye maji ya sabuni.

Kuoza kwa shina kumeshaelezwa: ni maji yaliyotuama, na mmea ulioshikwa haurudi, ung'oe. Ubwiri unga, ukungu mweupe kama unga, ukitokea kwenye majani ya chini mwishoni mwa msimu usihangaike nao. Ondoa majani yale hewa ipite.

Kuvuna

Hapa ndipo ubora wote unapopatikana au kupotea, na kosa la kawaida ni kuchelewa.

Kikombe hufaa kuchumwa siku 15 hadi 20 baada ya ua kunyauka. Kikague kwa vidole: sepali zinene, ngumu kama tufaha na zinavunjika kwa mlio ukizipinda, kifuko cha ndani bado ni cha kijani na laini. Kifuko kikigeuka rangi ya udongo na kuanza kukauka, mmea tayari unatoa nguvu kwenye kikombe na kuipeleka kwenye mbegu. Sepali zinakuwa nyembamba, zenye nyuzi. Rangi inaweza kubaki nzuri, na hiyo huwadanganya wengi; ladha na uzito vimeshaondoka.

Chuma asubuhi umande ukishakauka. Saa hizo kikonyo huvunjika kwa mkono, ukikipinda upande mmoja. Jioni kinakuwa kigumu na utachuna ganda la tawi, jeraha ambalo ni mlango wa magonjwa. Vilivyochelewa vikate kwa mkasi. Vaa glavu nyepesi kama aina yako ina vijinywele vinavyowasha.

Pita shambani kila baada ya siku nne au tano. Usisubiri mmea mzima uive. Kuchuma mara kwa mara huamsha matumba yaliyolala, hivyo anayechuma mapema huvuna kwa muda mrefu zaidi. Kuna wanaokata mmea wote mara moja na kuchambua kivulini. Kwa shamba kubwa lenye watu wachache naelewa, lakini unakubali kupoteza maua yote yaliyokuwa njiani. Mmea uliopandwa kwa wakati na kutunzwa hutoa kama kilo 1 hadi 2 za vikombe vibichi, na uliopata nafasi kubwa huweza kuvuka hapo.

Tumia makapu au kreti zenye matundu. Usijaze gunia. Joto la vikombe vilivyorundikana huanza kuvichachusha siku hiyohiyo.

Kutoa mbegu na kukausha

Toa vifuko vya mbegu siku ya kuvuna, kwa sababu kikombe kikishasinyaa kinakuwa kama ngozi na kazi inakuwa mara mbili. Njia safi ni kipande cha bomba jembamba la chuma kisichoshika kutu, kilichonolewa mdomo, chenye upana unaozidi kifuko kidogo. Kikombe unakishika kwa mkono mmoja ncha za sepali zikielekea kwako, bomba unalisukuma kutokea upande wa kikonyo huku ukilizungusha, na kifuko hutokea mbele huku kikombe kikibaki kizima. Mkono ukizoea inakuwa kazi ya sekunde chache. Bila bomba, kata kwa kisu kuzunguka kitako, chini ya vile vijani vyembamba, kisha vuta.

Suuza haraka kwa maji safi kama kuna vumbi, na usiloweke, rangi nyekundu huyeyuka kwenye maji. Tandaza safu moja juu ya chekecheke lililoinuliwa kutoka ardhini, kivulini, hewa ikipita juu na chini. Jua kali hukausha upesi lakini hula rangi. Kama huna kivuli chenye upepo, funika kwa kitambaa chepesi cheusi. Kwenye kikaushio, joto lisizidi nyuzi 43 za Selsiasi. Geuza mara mbili kwa siku na usiku ingiza ndani, umande utarudisha kila ulichokausha. Vyombo vya aluminiamu viepuke, asidi ya rosella huvila.

Kilo 10 mbichi zitakupa kama kilo 1 kavu, yenye unyevu wa karibu asilimia 12. Kikombe kilichokauka sawasawa huvunjika kwenye kitako, sehemu nene kuliko zote. Kama kitako kinapinda, bado. Weka kwenye chombo kisichopitisha hewa, gizani. Baada ya siku saba fungua na uingize mkono mpaka chini. Ukihisi unyevunyevu au vikombe vimeshikana, rudisha vyote kwenye chekecheke siku hiyo.

Mbegu ya msimu ujao

Chagua mimea ya mbegu maua yanapoanza, kabla kishawishi cha kuvuna hakijaingia, uifunge kitambaa. Chagua yenye matawi mengi, vikombe vinene na iliyochanua pamoja na wenzake. Uliochanua mapema kupita wote ukiwa mdogo usiuchukue, hata kama ulikufurahisha kuuona. Kwa kuwa rosella hujichavusha, mbegu hufanana sana na mzazi, ila nyuki huchanganya kidogo, hivyo ukiwa na aina nyekundu na ya kijani zitenge kwa mistari kadhaa ya zao jingine.

Acha vikombe vya mimea hiyo vikauke mtini mpaka kifuko kiwe cha kahawia na nyufa tano zianze kuonekana. Usingoje kifunguke chote, mbegu zitamwagika. Vikate, vimalizie kukauka ndani ya mfuko wa karatasi, vipigepige, pepeta. Mbegu nzuri ni za kahawia iliyoiva, zenye umbo la figo na ngumu kwa jino. Zihifadhi mahali pakavu na pa baridi, na juu ya mfuko andika jina la aina, tarehe uliyopanda na tarehe ua la kwanza lilipofunguka. Tarehe hiyo ya pili ndiyo utakayoanzia kuhesabu kurudi nyuma mwakani, na itakuwa sahihi kwa shamba lako kuliko kalenda ya mtu mwingine yeyote.